UZI: Programu ya simu ya kutunza, kuomba wimbo na kutoa salamu kwenye onyesho la taarab, tuichambue kiufundi

#1 MsanifuKurasa

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa watengenezaji wa programu na watu wa muziki wa jukwaani. Mpenzi wa muziki amekaa meza ya 12, simu mkononi. Atamfikiaje mwimbaji aliye jukwaani wakati wimbo unaendelea, bila kuuharibu wimbo wenyewe? Tuchukulie ukumbi wa watu 400 na bendi ya taarab ya kisasa, iwe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja.

Wenzetu wa nje wameshajaribu mengi. Mwaka 2012 Coldplay waligawa bangili za Xylobands zilizowaka kwa amri ya redio. Mwaka huohuo Dan Deacon wa Marekani alitoa programu iliyozigeuza simu za watazamaji kuwa taa na ala, zikiongozwa na milio ya spika za ukumbini. Ni kazi nzuri, ila inaiona hadhira kama umati mmoja gizani. Kwenye taarab mtu huinuka kwenye ubeti unaomgusa, huja mbele akicheza taratibu, noti kaiinua ionekane, humtunza mwimbaji kwa kumpa noti hiyo, hugeuka na kurudi kitini. Ukumbi mzima umeona nani katoka, kwenye mstari upi, na noti ya rangi gani. Ile noti inasema neno. Programu inayoichukua fedha kimyakimya na kuiingiza kwenye akaunti imelinyamazisha neno hilo, na watu wataiacha hata kama malipo yanapita vizuri.

Rasimu yangu ina pande tatu. Mpenzi anafungua ukurasa mwepesi wa wavuti kwa QR iliyo mezani, wenye vitufe vitatu tu: Tunza, Omba wimbo, Salamu. MC ana tableti, na kila kitu kinapita kwake. Mwimbaji ana skrini moja.

Tunzo ikithibitishwa, simu ya mtunzaji inawaka skrini nzima kwa rangi ya noti yenyewe: bluu kwa 1,000, kahawia kwa 2,000, zambarau kwa 5,000, nyekundu kwa 10,000. Mtu anainuka nayo juu, anakwenda mbele kama kawaida yake. Hakuna haja ya tarakimu, msimbazi, ile nyekundu ya 10,000, kila mtu anaujua. Naomba mnikosoe.

#2 KinandaChaPili

Mkuu, rangi ya noti naiunga mkono kabisa. Ila umeieleza simu ya mpenzi vizuri, halafu skrini ya mwimbaji ukaipa sentensi moja. Mifumo hii hufia hapo.

Mwimbaji akiwa kazini ana sekunde moja au mbili za kusoma, tena si popote. Ni pale waitikiaji wanapopokea kiitikio, au kinanda na fidla vinapopiga kipande cha katikati. Ndani ya ubeti macho yako kwa watu na akili iko kwenye mstari unaofuata. Mrushie jina hapo, maneno yanampotea. Kwa hiyo ujumbe usiende jukwaani saa ileile unapofika. Ukae kwa MC, naye abonyeze "Peleka" kiitikio kinapoanza. Ukae sekunde 20, kisha ufutike wenyewe.

Vipimo sasa. Skrini ya inchi 15.6 ilazwe pembeni ya monita ya sauti (spika ya mwimbaji kujisikilizia), isiizibe. Kutoka jichoni mpaka pale ni kama mita 2. Kwa umbali huo herufi ya urefu wa milimita 10 inasomwa na mtu aliyetulia, ya milimita 20 inasomwa kwa kutupa jicho mara moja. Skrini hiyo ina upana wa milimita 345 hivi, na herufi moja ya ukubwa huo inakula kama milimita 14, kwa hiyo unapata herufi 24 kwa mstari. Mistari iwe mitatu: jina, meza, na mlengwa au wimbo. Kumbe kikomo cha jina kwenye fomu ya simu ni herufi 24, na kikomo hicho kimepimwa kutoka miguuni mwa mwimbaji. Jina likizidi, MC alifupishe kwa mkono, maana mashine inayokata "Mwanaidi wa Magomeni Mapipa" katikati itamfanya mwimbaji alitaje nusu mbele ya mwenyewe.

Msingi uwe mweusi, herufi za manjano. Msingi mweupe unammulika mwimbaji usoni kutoka chini. Toa laini ya simu kwenye kifaa hicho na uzime taarifa zote, isije SMS ya mtu ikatokea jukwaani.

#3 PwaniKodi

Salaam kutoka Mombasa. Mkuu MsanifuKurasa, rangi zako ni za Tanzania. Kenya nyekundu ni noti ya 50, zambarau ni 100, bluu 200, kijani 500, kahawia 1,000. Mtu wa huku akiinua simu nyekundu, ukumbi unaona hamsini. Rangi ziwekwe kwenye mipangilio ya kila ukumbi, zisifungwe ndani ya programu.

Malipo kwa upande wa Safaricom yanapita Daraja, mfumo wao wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa huduma ya STK Push: seva yako inatuma ombi, simu ya mteja inatoa kidirisha cha namba ya siri. Yanayokwamisha watu ni haya.

Namba ya simu iende ikianza na 254, bila alama ya jumlisha wala sifuri ya mbele. Mteja aandike alivyozoea, ukurasa ubadilishe wenyewe. Sehemu ya AccountReference haizidi herufi 12 na ya maelezo haizidi 13, kwa hiyo weka "MEZA12" humo na salamu uitunze kwenye hifadhidata yako. Tokeni ya kuingilia, yaani kibali cha muda ambacho Daraja inaipa seva yako, hudumu sekunde 3,600. Onyesho la saa tano litaipita mara kadhaa, basi iombe upya kabla haijaisha, kama dakika ya 50.

Jibu la kwanza la Daraja linasema tu ombi limepokelewa. Malipo yenyewe ni taarifa inayokuja baadaye kwenye anwani yako ya HTTPS, ikiwa na ResultCode 0. Skrini isiwake kabla ya hapo. Namba nyingine za kushughulikia: 1032 mteja kafuta mwenyewe, 1 salio halitoshi, 2001 namba ya siri si sahihi, 1037 simu haikupatikana, 1001 mteja ana muamala mwingine haujaisha. Kila moja iwe na maneno yake ya Kiswahili kwenye simu ya mhusika pekee. "Salio halitoshi" isifike hata kwenye tableti ya MC. Hiyo ni siri ya mtu na simu yake.

Taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili, au isije kabisa. Ya kwanza inazuiwa kwa kuifanya CheckoutRequestID, namba ya kila ombi, iwe ya kipekee kwenye jedwali. Ya pili inatatuliwa kwa kuuliza hali ya muamala zikipita sekunde 30. Usipofanya hivyo, tunzo moja itahesabiwa mbili na mgao wa usiku hautalingana.

#4 MsanifuKurasa

Asante PwaniKodi, rangi nimezihamisha. Lakini hapo pana tatizo ambalo rasimu yangu haikuliona. Kidirisha kije, mtu aandike namba ya siri, taarifa irudi: mambo yakienda vizuri ni sekunde 10 hadi 30. Mstari uliomgusa umeshapita, mwimbaji yuko ubeti mwingine, na mtunzaji ndiyo kwanza anainuka na skrini nyekundu kwenye maneno yasiyomhusu. Kwenye taarab hilo linaweza kuleta maana ambayo hakuikusudia.

#5 PwaniKodi

Ndiyo. Malipo yatangulie ubeti. Wakati wa mapumziko, au wimbo ukiwa bado unaanza, mteja analipa 1,000 mara moja na ukurasa unampa noti kumi za zambarau, za mia mia za Kenya. Mstari wake ukifika anagusa mara moja, bila namba ya siri wala kusubiri mtandao wa malipo, na skrini inawaka papo hapo. Ni kilekile anachofanya mtu anayechenji noti kubwa kuwa ndogondogo kabla ya wimbo wake.

Swali la kuamua mapema: zinazobaki mwisho wa usiku zinakwenda wapi? Andika kabla hajalipa, kwa herufi kubwa kama za kitufe chenyewe: "Zitakazobaki ni zawadi ya bendi nzima." Ukiziweka kama salio la wiki ijayo, umeanza kutunza fedha za watu.

#6 LipaNambaTZ

Hapo kwenye kutunza fedha za watu tukae kidogo. Tanzania kuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Mwenye programu akipokea fedha kwenye akaunti yake, akashikilia salio la wateja, kisha akawagawia wasanii, anaingia kwenye shughuli zinazohitaji kibali cha Benki Kuu. Njia safi ni fedha kuingia moja kwa moja kwenye namba ya biashara ya bendi. Programu yako isome taarifa tu na kulipwa ada ya mwezi.

Mitandao huku ni mingi: M-Pesa ya Vodacom, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa. Kuunganisha mmoja mmoja ni mikataba minne na mifumo minne ya majibu. Kwa bendi moja, pitia kampuni moja inayounganisha yote. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: ada kwa muamala mdogo wa 1,000, fedha zinafika kwa bendi baada ya muda gani, na kama taarifa ya malipo inakuja na alama ya kuithibitisha. Bila alama hiyo, mtu yeyote aliyeijua anwani yako anaweza kukutumia taarifa ya uongo na skrini ikawaka nyekundu bure.

Hilo linanipeleka kwenye ulaghai wa wazi zaidi. Picha ya skrini nyekundu inaweza kupigwa na kuinuliwa tena wiki nzima. Weka kwenye rangi hiyo mchoro unaotembea, mawimbi au ua, unaobadilika kila usiku, na saa inayohesabu sekunde 90 kisha skrini izime. MC atazame tableti yake, isiyo na tunzo hapo haitajwi.

Na mgao uwekwe kabla ya onyesho: mwimbaji aliye jukwaani wakati huo asilimia ngapi, wapigaji na waitikiaji ngapi, mtunzi ngapi. Kwa fedha taslimu kila bendi ina utaratibu wake na watu wanaona kwa macho. Fedha ikiingia kwenye simu haionekani, na ugomvi huanzia hapo. Kila mwanabendi apate ukurasa wa kusoma wenye orodha ya tunzo, wimbo na fungu lake, usiku uleule.

#7 SimuNdogo

Kwa nini ukurasa wa wavuti? Programu ya dukani ina arifa, ina ikoni, mtu anarudi nayo nyumbani.

#8 MsanifuKurasa

Kwa sababu tatu, mkuu.

Mtu aliyeko ukumbini hatapakua megabaiti 25 gizani kwa bando lake ili aombe wimbo mmoja. Ukurasa mzima, pamoja na orodha ya nyimbo, unaweza kukaa ndani ya kilobaiti 50. Watu 400 ni megabaiti 20 tu kwa usiku mzima wa kufungua.

Ya pili ni kanuni za Apple. Zawadi ya mtu kwa mtu inaruhusiwa kupita nje ya malipo yao ikiwa ni ya hiari kabisa na inamfikia mpokeaji asilimia 100. Lakini zawadi hiyo ikihusishwa na kupata kitu cha kidijitali, wakati wowote ule, inatakiwa ipite kwenye mfumo wao wa malipo. Skrini inayowaka rangi baada ya kulipa inaweza kuhesabiwa hivyo. Sitaki bendi iondolewe dukani siku ya onyesho.

Ya tatu, simu nyingi ukumbini ni Android za kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2, na nafasi imejaa.

Kasoro za wavuti zipo. Simu ikijifunga, ukurasa unalala na muunganisho unakatika. Ukiamka usidhani hali ni ileile, omba hali nzima upya kwa seva. Skrini iliyoinuliwa isizime katikati ya ukumbi: vivinjari vya sasa vina ruhusa ya kuizuia, lakini inafanya kazi kwenye HTTPS tu, na iPhone imeipata kuanzia kivinjari cha Safari toleo la 16.4. Mtetemo wa simu kwenye Safari ya iPhone haupo, usiutegemee kwa lolote.

#9 FundiMitambo_Tanga

Naingia kwenye mtandao, maana watu wa programu huja ukumbini na ruta na kuweka waifai ya bure kwa wateja. Naomba msifanye hivyo bila kuongea na fundi mitambo.

Meza nyingi za kidijitali za kuchanganyia sauti siku hizi zinaendeshwa kwa tableti kupitia waifai, na gitaa nyingi zisizo na waya za bei nafuu zinatumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Simu 400 zikianza kutafuta mtandao humo, fundi anapoteza tableti yake, na mlio ukianza kupiga filimbi hana mkono wa kuushusha. Mwili wa binadamu nao ni maji, unayameza masafa hayo. Ukumbi uliopimwa mtupu mchana hautakuwa uleule saa nne usiku.

Halafu waifai isiyo na intaneti simu zinaikimbia zenyewe, zinarudi kwenye data. Na seva ya ndani ya ukumbi isiyo na cheti halali hairuhusiwi HTTPS, basi ile ruhusa ya kuzuia skrini isizime haipo tena.

Pendekezo langu: wateja watumie data zao. Seva iwe nje, kwenye intaneti. Jukwaani weka ruta moja yenye laini mbili za kampuni tofauti kwa ajili ya tableti ya MC na skrini ya mwimbaji peke yake, kwenye 5 GHz, na kati ya ruta na skrini pita waya. Ruta na skrini vikae kwenye betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika jenereta huchukua muda kushika na ruta huchukua dakika nzima kuamka.

Kwenye kuta nene za mawe kama Ngome Kongwe ya Unguja, palipofanyika tamasha la Sauti za Busara kwa miaka mingi, pima nguvu ya mtandao kila kona kwa laini za kampuni zote kabla ya kuahidi chochote. Mtandao kupatikana langoni haimaanishi unapatikana chini ya ukuta.

Jambo dogo la msimbo: muunganisho ukikatika kwa wote, simu 400 zisirudi kwa pamoja. Kila moja ingoje muda wa kubahatisha kati ya sekunde 1 na 8. Bila hivyo seva inaangushwa na wateja wake yenyewe.

#10 QR_na_Meza

Nyongeza ya QR. Kanuni ya kazi ni upana wa msimbo uwe sehemu ya kumi ya umbali wa kusomea. Mezani, sentimita 40, msimbo wa sentimita 4 unatosha. Ukutani mita 15 mbali unahitaji mita 1.5, kwa hiyo usihangaike na ukutani. Anwani iwe fupi: QR toleo la 3 kwa ngazi Q ya kusahihisha makosa inabeba herufi 32, na visanduku vyake vinabaki vikubwa kiasi cha kusomwa na kamera dhaifu. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi iliyofunikwa plastiki inarudisha taa za jukwaa na kamera haioni kitu. Iweke karibu na taa ya meza au mshumaa, na kila meza iwe na msimbo wake ili namba ya meza isiandikwe na mtu.

#11 BintiWaKiitikio

Hamjagusa kitu kizito kuliko vyote: salamu ni mipasho.

Naona mtu atakuja na orodha ya maneno machafu ya kuzuia. Haitasaidia. Tusi la taarab halina neno chafu hata moja. "Salamu kwa jirani wa mlango wa bluu, mwambie mkeka wake nimeuona" ni maneno safi kabisa, na yanaweza kuvunja onyesho. Anayeweza kulijua ni mtu, tena mtu anayewajua waliokaa ukumbini. MC peke yake akiwa anatangaza hawezi. Awepo msaidizi wake mwenye tableti ya pili, mwenyeji wa pale, anayesoma kila salamu kabla haijamfikia MC.

Mpangilio ninaoupendelea: salamu ya kawaida isiwe na maandishi huru. Iwe "Kutoka kwa… kwenda kwa… kwa wimbo…", nafasi mbili za majina na wimbo unaochaguliwa. Anayetaka maneno yake mwenyewe apewe herufi 40, na kitufe kimwambie wazi kwamba yatasomwa na mtu kwanza. Zuia mfululizo wa tarakimu tisa au zaidi, namba za simu zisifike jukwaani. Salamu iliyokataliwa ijibiwe kwa upole na haraka, "Haitasomwa usiku huu," mtu asiendelee kungoja na kuituma mara kumi.

Na mwimbaji awe na namna ya kukataa. Pedali moja ya mguu, ikikanyagwa skrini inafutika, bila kuulizwa sababu. Kuna jina ambalo mwimbaji anajua halitajwi kwenye wimbo huo.

#12 MsanifuKurasa

Dada, pedali imeingia kwenye rasimu. Nimeelewa pia kwamba msaidizi huyo ni gharama ya kudumu ya mfumo, nitamweka kwenye bajeti kama nilivyoiweka seva.

Tuje kwenye kuomba wimbo. Nilidhani orodha ya maombi iliyopangwa kwa wingi wa kura, wimbo wa juu unapigwa.

#13 KinandaChaPili

Piga hesabu, mkuu. Wimbo wa taarab ya kisasa unakwenda dakika 10 hadi 15. Onyesho la saa nne, ukitoa mapumziko na kubadilishana waimbaji, ni nyimbo 14 au 15. Nusu yake bendi imeshazipanga. Nafasi za maombi ni saba. Ukiruhusu maombi 120, umewaahidi watu 113 kitu ambacho hakiwezekani.

Kwa hiyo maombi yawe bure kabisa na yasiuzwe. Ukiuza ombi, wimbo usipopigwa unadaiwa, na kurudisha muamala ni kazi kuliko kuupokea. Kabla ya onyesho bendi iweke alama kwenye nyimbo zinazowezekana usiku huo: mwimbaji wake yupo? Mpiga fidla yupo? Mwimbaji akiondoka ukumbini, MC anagusa jina lake na nyimbo zake zote zinatoweka kwenye simu za wateja.

Kura iwe ya nyimbo tatu alizochagua kiongozi wa bendi, ifunguliwe wimbo unaotangulia ukiwa katikati, ifungwe dakika mbili kabla haujaisha. Dakika hizo mbili zina kazi: kinanda kinabadilishwa sauti, mwimbaji anapanda, ufunguo unaitwa. Matokeo yasionyeshwe kabla ya kufungwa, watu huufuata wimbo unaoongoza. Kura moja kwa kifaa itazungukwa na mtu anayefungua dirisha la siri, basi weka kikomo kwa meza, meza ya watu sita isizidi kura nane.

#14 SimuNdogo

Na taa? Simu zote ziwake kwa mapigo ya ngoma. Hiyo ndiyo ingevutia vijana.

#15 PwaniKodi

Inawezekana, lakini ujue inachohitaji. Kila simu inauliza seva saa mara tano, inachagua jibu lililorudi upesi kuliko yote, inagawa muda wa safari kwa mbili na kupata tofauti ya saa yake na ya seva. Kisha seva haisemi "waka sasa", inasema "waka saa fulani", sekunde 2 mbele. Kwa data ya simu kosa la makumi ya milisekunde hubaki, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi hazilingani.

Sauti nayo inasafiri mita 345 hivi kwa sekunde. Aliyekaa mita 35 nyuma anasikia ngoma milisekunde 100 baada ya aliye mbele. Kwa hiyo mwako mkali wa ghafla utaonekana umekosea kwa mtu fulani hata hesabu ikiwa sahihi. Tumia mwako unaopanda na kushuka taratibu kwa milisekunde 300, kosa linafichika ndani yake.

Tatizo kubwa ni kwamba bendi ni watu. Kasi ya mapigo 120 kwa dakika ikisogea asilimia 1 tu, baada ya dakika moja simu ziko nje kwa zaidi ya pigo moja. Usiziache zijiendeshe. Mtu agonge mapigo kwenye tableti kila baada ya muda, au uchukue ishara kutoka kwenye ngoma. Na miwako isizidi mitatu kwa sekunde, kwa usalama wa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Hilo halina mjadala.

Binafsi ningeitoa toleo la kwanza. Ukumbi ukijaa simu zinazowakawaka, simu nyekundu ya anayetunza haionekani tena.

#16 KitufeTu

Wenye simu za vitufe mmewaacha wapi? Meza za nyuma ziko nyingi, na watu wazima ndio watunzaji wakubwa.

USSD, ile menyu ya kupiga nyota na reli, inawezekana. Skrini moja inabeba herufi 182, lakini kwa herufi za kawaida tu. Ukiweka kistari cha juu kilichopinda kwenye "ng'" badala ya kilichonyooka, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na unabaki na herufi 80, menyu inakatwa katikati. Kagua maandishi yote yaliyotoka kwenye programu za kuandikia, huwa zinavipinda zenyewe.

Menyu iwe fupi: 1 Tunza, 2 Omba wimbo, 3 Salamu. Nyimbo tatu kwa skrini. Kikao kinakufa haraka mtu akisitasita, kwa hiyo hifadhi kila hatua ili akirudi aendelee alipoishia. Na kosa linalojirudia: ukituma STK Push huku kikao cha USSD bado kiko wazi, kidirisha hakitokei na unapata 1037. Funga kikao kwanza. Kwenye milango ya USSD ya kampuni kama Africa's Talking jibu la mwisho linaanza na END badala ya CON. Subiri sekunde 5, ndipo utume.

Simu hiyo haiwaki rangi. Basi mhudumu awe na vipeperushi vya kadi vyenye rangi za noti. MC akiona tunzo ya USSD ya meza 31 kwenye tableti, mhudumu anampelekea kadi yake, naye anainuka nayo.

#17 LipaNambaTZ

Kadi hizo ni nzuri hata kwa mwenye simu janja aliyeishiwa chaji.

Kuhusu taarifa za watu: Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Namba ya simu uliyopewa kwa malipo usiitumie kutangaza onyesho la wiki ijayo bila ridhaa. Taarifa ya STK inakuja na kiasi, namba ya risiti, muda na namba ya simu, jina halimo, kwa hiyo jina la kutajwa mtu aliandike mwenyewe. Kisanduku cha "Nitajwe jukwaani" kianze kikiwa tupu. Wapo wanaotunza na hawataki kujulikana, na hilo nalo ni sehemu ya taarab.

#18 MsanifuKurasa

Limebaki moja. Mtandao ukizima katikati ya onyesho, MC anafanya nini?

#19 FundiMitambo_Tanga

Tableti ya MC ihifadhi orodha yote ndani yake, iendelee kuonyesha maombi yaliyokwisha kufika, na ukingo wake ugeuke kijivu ili ajue hayasasishwi. Skrini ya mwimbaji ifutike, isibaki na jina la zamani. Kitufe cha Tunza kwenye simu za wateja kijifunge chenyewe zikipita sekunde 15 bila seva, mtu asilipe gizani, ila noti alizokwisha kuchenji ziendelee kuwaka kwa sababu ziko ndani ya simu yake. Seva itahesabu baadaye.

Na mezani kwa MC kuwe na daftari lililopigwa mistari minne: saa, meza, jina, wimbo. Noti za karatasi zipokelewe kama siku zote, ziandikwe humo, na ziingizwe kwenye mfumo mtandao ukirudi, ili mgao wa usiku usome fedha zote mbili kwa pamoja.